Kutazama na Kuona: Likizo Yetu ya Ukambani

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ammaa baad. Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, safu hii hupokea maswali mawili kutoka kwa wazazi. La kwanza ni watoto wapelekwe wapi. La pili ni watoto watazame nini. Mwaka huu nimependa kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa aila yangu ilisafiri, na kabla ya safari, na katikati yake, na mwisho wake, tulitazama filamu nne. Filamu na safari zikawa kama mashahidi wawili mbele ya kadhi: kila mmoja akiithibitisha kauli ya mwenziwe au akiirekebisha.

Safari yetu ilikuwa ya Makueni na Kitui. Najua wako watakaostaajabu. Likizo kwa mtu wa Mombasa ni Lamu, au Unguja, au Malindi kwa jamaa. Ukambani ni nchi tunayoipita usiku, tumelala basini, tukielekea Nairobi; tukazinduka Mtito Andei kwa chai na swala, kisha tukalala tena. Ilhali kwa sensa ya 2019 Kitui ina watu zaidi ya 1,130,000 na Makueni karibu 988,000, na kaunti hizo zimepakana na Taita-Taveta na Tana River, ambazo ni kaunti za Pwani. Hao ni majirani, na jirani ana haki zake, awe Mwislamu au asiwe.

Ninalotaka kulifikisha wiki hii ni neno moja: kutazama si kuona. Mtu aweza kuitazama taabu ya mwenziwe kwa muda wa saa moja na nusu, akaizima runinga, akala chakula chake, akalala, wala asiwe ameona kitu. Na yule aliyeona kweli ameshakuwa shahidi, na ushahidi ni amana.

MKULIMA ALIYESHIKA KAMERA MWENYEWE

Filamu ya kwanza tuliitazama nyumbani, siku mbili kabla ya kuondoka, baada ya swala ya Isha. Inaitwa Thank You for the Rain, yaani asante kwa mvua, na ilitoka mwaka wa 2017. Mwongozaji wake ni Julia Dahr, binti wa Kinorwe. Lakini nusu ya macho ya filamu ile ni ya Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo katika kaunti ya Kitui. Dahr alimwachia kamera, na Kisilu kwa miaka kadhaa akajipiga picha yeye mwenyewe, mkewe Christina, watoto wao, shamba lao, na mbingu iliyo juu ya shamba lile.

Tunayoyaona ni mambo ya kawaida ya nchi kavu, na ndiyo maana yanauma. Mvua inachelewa, mahindi yanakauka yakiwa hayajabeba. Kisha mvua inakuja, lakini inakuja na dhoruba, na dhoruba inaiharibu nyumba. Mtu mwingine angekaa akalia. Kisilu anachukua kamera, anarekodi hasara yake, halafu anawakusanya majirani na kuwaeleza habari ya kupanda miti na kuuhifadhi udongo. Habari zake zinafika mbali, hata anaalikwa Paris, Desemba 2015, katika mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ule uliotoa Mkataba wa Paris. Mkulima wa Mutomo anasimama kati ya watu wa suti, anaeleza jinsi mvua zilivyobadilika kwao, na mtazamaji anajionea mwenyewe ni wangapi wanaosikiliza na ni wangapi wanaosubiri zamu yao ya kusema.

Kwa upande wa ufundi, nguvu ya filamu hii ni kwamba mwenye taabu ndiye mwenye kamera. Tumezoea kuona picha za ukame zilizopigwa na mgeni wa siku tatu: mtoto mwenye nzi usoni, ng'ombe aliyekufa, na sauti ya huzuni ikisimulia. Katika picha za namna hiyo, masikini hana jina, hana mzaha, wala hana rai. Kisilu ana vyote vitatu. Anacheka na wanawe. Anamwogopa mkewe kidogo, kama waume wengi walio wakweli. Na Christina, kwa maoni yangu, ndiye nguzo ya filamu, kwani mume anapokwenda mikutanoni kuzungumza habari za dunia, yeye ndiye anayebaki na jembe, maji na watoto. Wanaume tunaopenda kuhutubia nje na kuwaachia wengine mzigo wa ndani tumtazame mama huyu kwa makini.

Filamu ilipokwisha, kijana wangu wa miaka kumi na saba alinyoosha miguu akasema, "Nzuri, Baba. Lakini hayo ni mambo ya watu wa bara."

Sikumjibu usiku ule. Lakini niliwakumbuka wazee wetu. Mombasa ilipokuwa mji wa sinema, enzi za Regal, Majestic na Naaz, mama zetu walikwenda kutazama filamu za Kihindi wakarudi na leso zimelowa machozi. Mother India ya mwaka wa 1957, kazi ya Mehboob Khan, ilipendwa mno katika pwani yetu. Ni kisa cha mwanamke mkulima aliyebanwa na deni la mkopeshaji na kuharibiwa shamba na mafuriko. Vilio vile vilikuwa vya kweli, wala siwalaumu. Ila ni ajabu ya kutafakari kwamba watu wa Pwani waliweza kumlilia mkulima wa India ng'ambo ya bahari, na mkulima wa Mutomo, aliye mwendo wa siku moja kwa gari, akaitwa mtu wa bara na habari zake zikaishia hapo.

NJIA YA KIBWEZI

Tuliondoka kwa treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati, tukateremka Kibwezi. Kutoka hapo kuna barabara ya lami inayovuka mto Athi na kupanda hadi Mutomo na Kitui mjini. Athi ndio mpaka: ukiwa ng'ambo hii uko Makueni, ukivuka uko Kitui. Agosti si mwezi wa mvua huko. Mvua za Machi hadi Mei zimeshapita, na zile za Oktoba hadi Disemba, ambazo Wakamba huzitegemea zaidi, bado hazijafika. Ardhi ni nyekundu, mibuyu imesimama bila majani, na vijito tulivyovipita vilikuwa mchanga mtupu.

Watoto niliwasimulia kwamba njia hizi si ngeni kwa Mombasa. Katika karne ya 19 Wakamba waliteremka kwa misafara hadi pwani na pembe za ndovu, na wafanyabiashara wao walijulikana katika miji yetu. Mmojawapo alikuwa Kivoi wa Kitui. Na ni katika safari ya kumtembelea yeye, mwaka wa 1849, ndipo mmisionari Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Nikawaambia pia kwamba mbele ya Emali, huko huko Makueni, kuna mji uitwao Sultan Hamud, uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Unguja, wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Sisi na bara tumeandikwa katika daftari moja tangu zamani. Ila kurasa zake hatuzisomi.

Mwenyeji wetu Kitui ni rafiki wa miaka mingi, Mkamba, mwalimu wa madrasa aliyesomea Pwani nasi. Tuliswali naye Ijumaa mjini, tukakaa kwake siku nne. Mkewe alitukirimu muthokoi na mbaazi mbichi, kwani ulikuwa msimu wa kuzivuna. Mama watoto, ambaye kwake asubuhi ya Ijumaa si asubuhi bila mahamri na mbaazi za nazi, alistaajabu kuuona mbaazi ukiwa mti mrefu kumzidi yeye. Mbaazi nyingi tunazopika hutoka mashamba ya Makueni na Kitui. Nazi ni yetu, mbaazi ni zao. Sahani ni moja.

Siku ya pili kijana wangu alifuatana na watoto wa mwenyeji kwenda kuteka maji. Waliondoka kabla jua halijachomoza na punda wawili, kila punda na mitungi minne ya lita 20. Mtoni hakukuwa na mto. Kulikuwa na mchanga, na ndani ya mchanga kulikuwa na shimo lenye kina cha kimo cha mtu, na chini ya shimo mama mmoja alikuwa akichota kwa kopo, kopo baada ya kopo, akisubiri maji yajichuje tena kabla ya kuchota. Walipanga foleni. Walirudi jua limekwisha panda sana. Kijana aliteremsha mitungi, akakaa kivulini kimya. Baada ya muda akaniuliza, "Baba, maji yetu sisi yanatoka wapi?"

Swali hilo, wasomaji wangu, ndilo lililokuwa halikuulizwa mbele ya runinga.

MAJI YETU YANATOKA WAPI

Waswahili husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tukifungua bomba Mombasa, na maji yakawepo, huwa hatufikiri yameundwa wapi. Basi nimjibu kijana wangu hapa ili na wengine wafaidike.

Moja ya vyanzo vikubwa vya mji wetu ni chemchemi za Mzima, ambazo maji yake yanaletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Mzima iko ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, lakini maji yake hayakuzaliwa pale. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, vilivyo upande wa Makueni na Kajiado. Vilima vile ni vya volkeno, na mwamba wake una matundu kama sifongo, hivyo maji hayakai juu kuwa mto. Huzama, husafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, kisha hutokeza Mzima yakiwa meupe kama kioo. Misitu ya Chyulu ikikatwa, mvua ikikosa kuzama, atakayekosa maji ya udhu ni mtu wa Kisauni na Likoni.

Chanzo kingine ni Baricho, katika kaunti ya Kilifi, ambako visima vimechimbwa katika mchanga wa mto Sabaki, na maji yake hunywewa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Na Sabaki ni nani? Ni yule yule Athi tuliyemvuka baina ya Makueni na Kitui. Akikutana na mto Tsavo huitwa Galana, akikaribia Malindi huitwa Sabaki, kisha huingia baharini. Watu wa Malindi mnaijua ile rangi nyekundu inayoipaka bahari yenu wakati wa mvua. Huo ni udongo wa bara: ni shamba la mtu, limekuja baharini.

Nilipomaliza maelezo haya kijana alisema, "Kwa hivyo tunatawadha kwa maji yao?" Nikamwambia, maji ni ya Mwenyezi Mungu, wala si yao wala si yetu. Lakini wao wako juu ya mto nasi tuko chini, na aliye chini hana budi kujua habari za aliye juu. Hayo si mambo ya watu wa bara tu.

KIJANA, BAISKELI NA BABA

Filamu ya pili tuliitazama Kitui, aila mbili pamoja, katika kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza. Ni The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka wa 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza kama baba. Kisa chake ni cha kweli. William Kamkwamba wa Malawi, wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, alifukuzwa shule kwa kukosa ada. Akajisomea katika maktaba, akajenga kinu cha upepo kwa vyuma vya jaani na dainamo ya baiskeli. Anayemwigiza William ni kijana wa Kenya, Maxwell Simba, naye ameifanya kazi yake kwa utulivu wa kupendeza.

Kiini cha filamu si kinu. Kiini ni baiskeli ya baba. Ndiyo mali pekee iliyobaki nyumbani, na mwana anamwomba baba yake aikate ili apate vyuma. Baba anakasirika, na kila mzazi aliyewahi kubaki na kitu kimoja tu ataielewa hasira ile. Ejiofor anatuonyesha baba asiye mwovu wala mjinga. Ni mtu aliyechoka kushindwa, anayeogopa kumwamini mwanawe kwa kuwa kumwamini ni kukipoteza kile cha mwisho. Tulipofika hapo chumba kilikuwa kimya, na mwenyeji wangu alikuwa akiangalia chini.

Wazazi wajue kwamba mna njaa kali, ghasia za kugombania nafaka, mbwa wa William anayekufa, na dada anayetoroka kwenda kuolewa ili nyumbani pungue mlaji mmoja. Watoto walio chini ya miaka kumi wasiitazame peke yao.

Baada ya filamu mtoto wa mwenyeji, wa kidato cha pili, alisema neno ambalo wahakiki wengi hawakulisema: "Upepo upo, na baiskeli ipo. Lakini yeye alikuwa na kisima. Hapa ukivuta, utavuta nini?" Baba yake akacheka, akasema, "Kesho nitawaonyesha tunavyovuta mchanga."

Kesho yake tukapelekwa kuona bwawa la mchanga. Wale wasiolijua, ni ukuta wa saruji na mawe unaojengwa kukatisha kijito cha msimu. Mvua ikija, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, robo ya ujazo wake au zaidi. Juu huoni maji. Jua haliyanyonyi, ng'ombe hawayachafui, mbu hawazai. Chini kuna maji ya miezi. Kazi hii imeenezwa Ukambani na vikundi vya wanakijiji wenyewe. Maarufu ni kile cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na wenziwe mwaka wa 1978. Ndiyo maana wizi wa mchanga kwa ajili ya kujengea majumba ya mijini ni dhuluma ya maji, na kaunti ya Makueni iliutungia sheria mwaka wa 2015. Kando ya kijito tuliona matuta yale ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Njia hiyo inaitwa "fanya juu", na wataalamu wa kilimo duniani huiandika hivyo hivyo katika vitabu vyao, kwa Kiswahili. Watoto wetu walipenda kusikia kwamba lugha yao imekwenda kufundisha kilimo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu filamu inapenda shujaa mmoja. Kinu kimoja, kijana mmoja, makofi. Bwawa la mchanga halina shujaa. Lina watu hamsini waliobeba mawe, wengi wao kina mama, na hakuna aliyewapiga picha. Mtazamaji mwema hujiuliza: nani yuko nje ya picha?

ZAMU YETU KUTAZAMWA

Tukateremka kwa njia ya Machakos hadi Wote, makao ya kaunti ya Makueni, tukalala hapo usiku mmoja kabla ya kupanda treni Emali. Usiku huo tulitazama filamu ya tatu, mimi, mama watoto na wale wakubwa wawili. Inaitwa The Letter, kazi ya Maia Lekow na Christopher King, ilitoka mwaka wa 2019, nayo ndiyo Kenya iliyoipeleka kushindania tuzo za Oscar. Hii si ya Malawi wala Kitui. Ni ya kwetu Kilifi. Kijana Karisa anasikia mjini kwamba bibi yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini, ametuhumiwa uchawi. Anarudi kijijini kutafuta ukweli, na anakuta kwamba watuhumu si watu wa mbali bali ni jamaa, na kwamba nyuma ya neno uchawi kuna suala la ardhi.

Filamu haipigi kelele. Inamkalisha bibi yule shambani, anafanya kazi, anasema, anacheka, na kadiri tunavyozidi kumjua ndivyo tuhuma inavyozidi kuwa ya aibu. Nasema wazi, kwa kuwa wanaosoma safu hii ni watu wa kaunti zetu: kumwita mzee mchawi bila ya ushahidi ni kumsingizia, na kuitia roho yake hatarini kwa ajili ya ekari za shamba ni dhuluma mbele ya Mwenyezi Mungu na jinai mbele ya sheria. Asiyelijua hilo alijue, na anayelijua akanyamaza asidhani yuko salama.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea usiku ule. Kijana wangu alikasirika. Akasema, "Watu wa Nairobi wakiitazama hii watadhani Pwani yote ni hivi." Binti yangu mkubwa akamjibu kabla yangu: "Na wewe ulipoitazama ile ya Mutomo, ulidhani nini?"

Hapo ndipo nilipoona likizo imetimia. Mtu akitazamwa ndipo anapojua thamani ya kutazamwa kwa insafu. Tunataka anayetutazama ajue kwamba bibi wa Kilifi ana wajukuu wanaompenda, kwamba wako waliosimama naye, na kwamba kaunti ni pana. Haki hiyo tunayoitaka ndiyo hiyo hiyo tunayodaiwa na Kisilu na Christina, na na yule mama aliyekuwa ndani ya shimo na kopo lake.

KWA WADOGO

Wadogo wetu wawili hawakuachwa mikono mitupu. Walitazama Children of Heaven, filamu ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka wa 1997: Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra, na kwa kuwaonea huruma wazazi wao, ndugu wale wanashirikiana jozi moja, huyu asubuhi, yule mchana. Hamna neno baya wala picha ya kuona haya, na ina mbio ambazo watoto watazishangilia hadi sauti zikauke. Huitazami bila kuvitazama viatu vilivyo mlangoni kwako.

YA KUFANYA NYUMBANI

Wanazuoni wana kauli mbalimbali kuhusu filamu, wala sikuja kuzimaliza hapa. Mwenye kujiepusha nazo kabisa kwa ajili ya uchamungu, Mwenyezi Mungu amlipe heri. Lakini nyumba nyingi zimeshafungua mlango huo, na simu iko mkononi mwa kila kijana. Basi nyumba hizo ziwe na utaratibu. Nawausia mambo manne.

Kwanza, tazameni alama ya Bodi ya Filamu kabla ya kufungua. GE ni ya watu wote, PG huhitaji mwongozo wa mzazi, 16 na 18 ni umri wenyewe. Alama hiyo si fatwa, kwani iko filamu ya GE isiyo na faida yoyote, lakini ni mwanzo.

Pili, tazameni pamoja. Mtoto aliyejifungia na simu hana wa kumwuliza. Mtoto aliyekaa kando ya mama yake atauliza, na swali lake ndilo darsa.

Tatu, kila filamu ikiisha, muulizane haya: nani alishika kamera? Nani ameachwa nje ya picha? Na mimi nina uhusiano gani na huyu niliyemtazama? Tumeamrishwa kuyainamisha macho yetu mbele ya yasiyotuhusu. Sidhani tumeruhusiwa kuyafumba mbele ya yanayotuhusu.

Nne, lipeni haki ya mlichokiona. Kwa habari ya wiki hii, haki hiyo ni maji. Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja, kipimo cha viganja viwili vilivyojaa, chini ya lita moja. Mimi na wanangu tulipima bomba la nyumbani tuliporudi: kwa udhu mmoja wa kijana, ndoo ndogo ilijaa ikamwagika. Sasa tunatumia birika. Nawaomba maimamu na kamati za misikiti walifikirie jambo hili katika vyumba vya udhu, ambako mabomba huachwa wazi maji yakienda bure.

Na mvua za Oktoba zikichelewa, kama zinavyochelewa miaka mingine, tusingoje hadi bomba letu likauke ndipo tuikumbuke swala ya kuomba mvua. Katika dua zetu za Ijumaa tuwataje watu wa Kitui na Makueni kwa majina ya nchi zao, na wenye uwezo katika sadaka zao wakumbuke kwamba mfuko mmoja wa saruji katika ukuta wa bwawa la mchanga ni maji yanayobaki baada ya mtoaji kuondoka duniani.

Wiki ijayo, inshallah, nitajibu barua za wazazi kuhusu michezo ya simu, ambazo zimekuwa nyingi.

Ewe Mola wetu, tunyweshe sisi na majirani zetu mvua ya rehema isiyo ya maangamizi, utupe macho yanayoona na nyoyo zinazoshukuru. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.